Risasi ya 23

Baada ya kipindi chetu cha gemu za zamani, mdogo wetu mmoja wa Schaerbeek alituandikia swali fupi: "Lakini zile pointi za juu ya skrini zilikuwa za nini?" Nilicheka kwanza, halafu nikaona ni swali la haki kabisa. Mtu aliyekulia kwenye FIFA na Fortnite anajua kushinda na kushindwa, anajua kupanda daraja, anajua kumnunulia mhusika wake nguo mpya. Namba inayopanda tu pembeni, isiyonunua kitu chochote, itamwambia nini? Jibu lake ni refu, basi naliandika hapa.

Nazungumzia gemu za aina moja tu. Una chombo kidogo, maadui wanakuja kwa makundi, wewe unafyatua. Kwa mtu anayepita, ni gemu ya kijinga: bonyeza, ua, bonyeza, ua. Lakini ukifuatilia jinsi mabingwa walivyopata pointi zao, kuanzia 1978 mpaka leo, unakuta jambo la ajabu. Ufundi wao mkubwa ulikuwa kujua ni lini wasifyatue.

Twende Japani, 1978. Kampuni ya Taito inatoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, karibu peke yake. Wavamizi ni 55, safu tano, kila safu 11. Wa chini wana pointi 10, wa kati 20, wa juu kabisa 30. Wanatembea kwa upande mpaka ukingoni, wanashuka hatua moja, wanarudi. Na kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyokimbia zaidi. Hilo hata halikupangwa. Prosesa ya mashine, Intel 8080, ilikuwa inawachora mmoja mmoja kwa zamu, kwa hiyo wakipungua, zamu inazunguka haraka. Nishikado aliliona, akalipenda, akaliacha lilivyo. Yaani tangu mwanzo kabisa kuua kulikuwa na bei yake: kila unayemwondoa anawaongezea mwendo waliobaki.

Halafu kuna kisahani. Mara kwa mara kinapita juu kabisa ya skrini, na ukikipata kinakupa 50, au 100, au 150, au 300. Watu wengi walidhani ni bahati nasibu. Kumbe mashine ilikuwa inahesabu risasi zako! Fyatua mara 22, ya 23 ikikipata kisahani unalipwa 300. Kutoka hapo, kila risasi ya 15 inalipa 300 tena. Hebu mfikirie mchezaji aliyegundua hilo. Anafyatua huku anahesabu kimoyomoyo kama mtu mwenye tasbihi mkononi. Akifika 22 anaacha. Wavamizi wanashuka, jasho linamtoka, kidole kimetulia juu ya kitufe, anangoja kisahani kije. Aliye nyuma yake kwenye foleni anadhani amesinzia.

Wajapani walikuwa na ujanja mwingine mkali zaidi, waliouita kwa jina la mji wa Nagoya. Unawaacha wavamizi washuke mpaka safu ya mwisho kabisa, hatua moja tu kabla hawajakanyaga ardhi na mchezo kuisha. Hapo wako karibu nawe mno kiasi kwamba risasi zao hazikupati, kwa sababu ya namna zilivyochorwa. Ndipo unapoanza kuwapiga, pua kwa pua. Ukichelewa kidogo umekwisha. Ukianza mapema hufaidi kitu.

Na haya yote ni kwa ajili ya kaunta yenye tarakimu nne, ambayo ikipita 9,990 inarudi sifuri.

Sasa, kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu sarafu ilikuwa inanunua muda. Hilo ndilo jambo ambalo mtoto mwenye simu mfukoni halioni mara moja. Ulikuwa huinunui gemu, ulikuwa unakodi dakika. Mwenye ukumbi alitaka ufe haraka ili mwingine aingize sarafu, wewe ulitaka kukaa. Pointi zilikuwa ndiyo njia ya kukaa, maana kila ukifika kiwango fulani mashine inakuongezea chombo kingine, yaani maisha mengine. Kwa hiyo namba ile ilikuwa inanunua kitu, tena kitu pekee kilichokuwa na thamani mle ndani: ruhusa ya kuendelea kusimama pale.

Hapa hadithi inaingia Brussels kabisa. Kwa Ubelgiji, ukumbi wa mashine za sarafu uliitwa lunapark. Wazee wetu waliokuja kusoma hapa miaka ya 80 wanalijua neno hilo vizuri, waulizeni. Leo ukikuta jina hilo mlangoni, mara nyingi huingii kama hujafika miaka 21, kwa sababu ndani ni kamari tu. Sheria ya tarehe 7 Mei 1999 ndiyo iliyopanga mambo hayo: kasino ziwe tisa nchi nzima, kumbi za mashine zisizidi 180, na kwenye mkahawa zile mashine za bingo zisizidi mbili. Inapanga hata wastani wa pesa unazoruhusiwa kupoteza kwa saa: yuro 25 ukumbini, yuro 12 na senti 50 mkahawani. Nchi iliyokaa chini ikapiga hesabu ya hasara ya mtu kwa saa, mimi huwa naiona ni ya Kibelgiji sana.

Lakini kuna vifungu viwili vya sheria hiyo ambavyo nimevisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika. Cha pili kinasema nini ni mchezo wa kamari: unaweka kitu, unaweza kupoteza au kupata, na bahati imo, hata kama imo kwa pembeni tu. Cha tatu kinataja nini si kamari. Michezo ya viungo, sawa. Halafu kinataja mchezo ambao unachoweza kupata peke yake ni haki ya kuendelea kucheza bure, na hiyo isizidi mara tano.

Haki ya kuendelea kucheza bure! Sheria haitaji Space Invaders popote, lakini huwezi kupata maelezo mazuri zaidi ya kile ambacho watu walikuwa wanakitafuta kwenye zile mashine. Bunge la Ubelgiji liliona kwamba kuna zawadi ambayo si pesa, ikaiwekea mpaka: tano.

Suala la bahati na ufundi lilikuwa limeshawaumiza watu vichwa kwingine. New York ilipiga marufuku mashine za mpira wa chuma, zile za flipa, tangu 1942, kwa hoja kwamba ni kamari. Mwaka 1976 walimwita kijana mmoja, Roger Sharpe, mbele ya halmashauri ya jiji, wakaleta mashine, wakamwambia acheze. Mwishoni akaonyesha kwa kidole njia ambayo mpira utapita, akavuta, mpira ukapita palepale. Marufuku ikaondolewa. Uingereza nako, 1981, mbunge George Foulkes alipeleka mswada wa kudhibiti Space Invaders na ndugu zake, kwa wasiwasi kwamba vijana wanamaliza pesa na muda. Ulikataliwa kwa kura 114 dhidi ya 94. Si kura nyingi.

Ukikumbuka kisahani utaona ugumu wa wanasheria hawa. Kwa asiyehesabu, pointi 300 ni bahati. Kwa anayehesabu, ni risasi ya 23. Mashine ni ileile, sarafu ni ileile. Na kama unacheza FIFA hapa Ubelgiji, kifungu kile cha pili kimeshakugusa. Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari iliamua kwamba yale masanduku ya kununua bila kujua kilichomo ni kamari, na kuanzia mwaka 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humu. Pakiti ile huwezi kuihesabia. Hakuna risasi ya 23 ndani yake.

Kwetu nyumbani hoja haikuwa pesa wala muda. Wazazi wangu walikuja miaka ya 80, lakini mama mdogo alifika 1997 kutoka Bukavu, akiwa ameyapitia ya Oktoba 1996, akakaa nasi kwenye apatimenti ya vyumba viwili. Yaya wangu (yaya kwa maana yetu ya Kivu, kaka mkubwa, si yule anayelea watoto wa watu Nairobi) alikuwa na Super Nintendo na kaseti moja ya maana, Super R-Type. Siku mbili baada ya mama mdogo kufika, mama aliingia sebuleni, akashika rimoti, akashusha sauti mpaka sifuri. Hakukataza gemu. Alisema tu kwamba katika nyumba hii risasi hazitasikika. Kuanzia hapo tulicheza kimya, miaka.

Kwa Foulkes nina maswali. Kwa mama sina. (Na ndiyo, najua mtaniuliza habari za koltani na mashine za PlayStation. Tumeiongelea na tutaiongelea tena, leo naiacha.)

Ninachotaka kusema ni kwamba R-Type, ambayo Irem waliitoa kwenye kumbi mwaka 1987, ni gemu nzuri sana ya kucheza kimya. Chini ya skrini kuna mstari. Ukibonyeza na kuachia, kinatoka kirisasi cha kawaida, dhaifu. Ukibonyeza na kushikilia, hakitoki kitu; mstari unajaa polepole, na ukiachia linatoka wimbi zito linalopasua kila kilicho mbele. Maana yake muda wote unaojaza, huna silaha. Unapita katikati ya maadui mikono mitupu, unakwepa, unangoja. Na kwenye toleo la Super Nintendo ukifa unarudishwa mwanzo wa hatua nzima. Bila sauti hukuweza kutegemea mlio, ilibidi uangalie. Yaya alikuwa na msemo wake kwa binamu waliokuja kutembelea: anayepapasa vitufe anakufa wa kwanza. Binamu walipapasa. Walikufa.

Aliyefika mbali zaidi kwenye sanaa hii ya kungoja, kwa siku zile za mwanzo, ni mtoto wa miaka 15 wa New Jersey aitwaye Scott Safran. Gemu yake ilikuwa Asteroids, ya Atari, 1979. Chombo katikati, mawe yanaelea pande zote. Jiwe kubwa pointi 20, la kati 50, dogo 100. Lakini kuna kisahani kidogo kinachopita kikiwa na shabaha kali, nacho ni pointi 1,000. Chombo cha ziada kinakuja kila pointi 10,000. Piga hesabu: visahani kumi, uhai mmoja. Kwa hiyo wachezaji waligundua kwamba kusafisha mawe yote ni upumbavu. Unaacha jiwe moja au mawili madogo yaelee, hatua isiishe, unajificha pembeni mwa skrini, unawinda visahani vikitokea. Kwa sababu ya dosari katika programu, kisahani kilichelewa kufyatua, na wewe ukiwa pembeni ulikuwa na nafasi ya kukiwahi. Atari hawakufurahi hata kidogo, maana mtu mmoja alikuwa anaweza kukalia mashine mchana kutwa kwa sarafu moja. Walirekebisha programu, na Asteroids Deluxe iliyofuata waliipanga ili uwindaji huo usilipe tena kama zamani. Kusema kweli, kumtazama mtu akiwinda hivyo kunachosha. Lakini ni mwenye ukumbi aliyelalamika, hakuwa mchezaji.

Tarehe 13 Novemba 1982 Safran alianza kucheza, akacheza siku mbili na zaidi bila kuacha. Alipofika mwisho alikuwa na pointi 41,336,440. Sasa sikiliza: kaunta ya Asteroids ina tarakimu tano tu. Ikipita 99,990 inarudi sifuri. Namba yake ilizunguka zaidi ya mara 400. Mashine yenyewe haikuwa na uwezo wa kusema alichokifanya. Ilibidi watu wakae pale usiku na mchana wahesabu mizunguko. Kila pointi 10,000 ni chombo, kwa hiyo alipata vyombo zaidi ya elfu nne, na ndivyo alivyoweza kula na kupumzika: unajiwekea akiba ya maisha, unaondoka kwenye mashine, unaacha baadhi yafe wakati unakula.

Rekodi ile ilikaa miaka 27. Twin Galaxies, ukumbi wa Walter Day huko Ottumwa, Iowa, uliokuwa umeanza 1981 na kugeuka kuwa kitabu cha rekodi cha dunia, walimtafuta Safran miaka na miaka ili wampe heshima yake. Walipopata familia yake wakaambiwa alifariki 1989, akiwa na miaka 22, alipoanguka kutoka juu akijaribu kumwokoa paka wake. Tuzo ilipokewa na ndugu. Mwaka 2010 John McAllister alipata 41,338,740 baada ya saa 58. Amempita kwa pointi 2,300, yaani visahani viwili na mawe matatu.

Asteroids pia ndiyo iliyowazoesha watu kuandika herufi tatu. Ukifika kwenye orodha, mashine inakuuliza jina, inakupa nafasi tatu tu. Sisi wenye majina ya babu yenye silabi sita tunajua hali hiyo kutoka kwenye fomu za kila aina. Na tofauti na leo, orodha hiyo kwenye mashine nyingi ilifutika umeme ukizimwa. Ulikuwa mfalme wa lunapark mpaka saa ya kufunga. Asubuhi ni sifuri kwa wote.

Wajapani walilitatua hilo kwa karatasi. Jarida la Gamest, lililoanza 1986, lilichapa kila toleo orodha ya pointi za juu za nchi nzima, na kando ya jina la mchezaji liliandika jina la ukumbi. Ukumbi ndio uliokuwa shahidi. Mtu akipata rekodi, wafanyakazi wa pale wanaithibitisha na kuituma. Kwa hiyo ushindani haukuwa wa mtu tu, ulikuwa wa mtaa. Gamest ilikufa 1999, Arcadia ikaipokea kijiti 2000 mpaka 2015. Na kabla ya majarida makubwa kulikuwa na vijarida vya mkono. Kijana mmoja, Satoshi Tajiri, alianza chake mwaka 1983, kimeandikwa kwa mkono na kubanwa kwa pini, kimejaa siri za gemu za kumbini: wapi kuna pointi zilizofichwa, lini usogee, lini usubiri. Mchoraji Ken Sugimori akajiunga naye. Kijarida kiliitwa Game Freak. Kama jina hilo unalifahamu, ni kwa sababu baadaye kiligeuka kampuni, na mwaka 1996 wakatoa Pokémon. Ndiyo, wote mliolia kwa ajili ya kadi ya Charizard kwenye uwanja wa shule, shina lake ni kugawana siri za pointi kwa fotokopi.

Kutoka hapo sanaa ilikwenda mbali mno. Miaka ya 90, kumbi zilipokuwa zinajaa gemu za kupigana ngumi, watengenezaji wachache wa Tokyo waliamua kuwahudumia mabingwa tu. Risasi za adui ziliongezeka mpaka zikawa pazia linalofunika skrini nzima, lenye maua na mizunguko, na eneo la kufa la chombo chako likapunguzwa kuwa nukta chache katikati. Ukitazama kutoka pembeni unaona mtu anapita kwenye mvua bila kulowa. Batsugun ya Toaplan, 1993, wengi wanaitaja kama chanzo. Toaplan ilifilisika mwaka uliofuata, na baadhi ya watu wake wakaanzisha Cave, waliotoa DonPachi 1995 na DoDonPachi 1997.

DoDonPachi ilileta mnyororo. Ukiua adui, una muda mfupi sana wa kuua mwingine. Ukifanikiwa, namba ya mnyororo inapanda na kila adui analipa zaidi. Ukichelewa kidogo unakatika, unaanza upya. Mabingwa wanaunganisha hatua nzima, kuanzia ndege ya kwanza mpaka bosi. Na sasa fikiria: kuna sehemu ambazo maadui hawatoshi, kuna pengo. Unavukaje pengo? Unaacha baadhi ya maadui hai. Unawapita, unawatunza, unakuja kuwachukua mnyororo unapotaka kukatika. Mtu anayeua kila anachokiona, kwa haraka iwezekanavyo, ndiye anayepata pointi ndogo. Hii inafundishwa kwa mazoezi ya miezi, hatua kwa hatua, kama mtu anayekariri.

Lakini iliyonishangaza kuliko zote ni Battle Garegga, ya Raizing, 1996, kazi ya Shinobu Yagawa. Ndani yake kuna namba ya siri ambayo skrini haikuonyeshi: ukali wa mchezo. Kila unapofyatua, unapanda. Kila unapookota kitu cha kukuongezea nguvu, unapanda. Mchezaji mgeni anafanya kila ambacho gemu nyingine zote zimemfundisha, anafyatua bila kukoma na kuokota kila kitu, na kufika hatua za mwisho maadui wamekuwa hawavumiliki. Amejitengenezea mwenyewe jehanamu hiyo kwa kidole chake. Kitu kinachoushusha ukali ni kimoja: kufa. Kwa hiyo mabingwa wanakufa makusudi. Kila pointi milioni moja wanapata uhai, wanautoa sadaka, ukali unashuka, wanaendelea. Huku wakiwa wabahili wa risasi na wabahili wa nguvu. Kwa kweli ni gemu ya bajeti. Mtu aliyewahi kuona mama yake akigawa mshahara mmoja kati ya kodi ya nyumba, Western Union na shule ataielewa Garegga upesi kuliko mwanajeshi.

Halafu 2001 kampuni ya Treasure ikatoa Ikaruga. Chombo chako kina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, unabadilisha kwa kitufe. Risasi za rangi yako hazikuui, unazimeza. Za rangi nyingine zinakuua. Kwa pointi, unawapiga maadui watatu wa rangi moja, halafu watatu tena wa rangi moja, mnyororo unapanda. Ukikosea rangi unavunjika. Mpaka hapo ni hesabu kali kama zile nyingine. Lakini watengenezaji waliweka na mlango wa pembeni. Unaweza kuimaliza gemu nzima bila kufyatua hata mara moja. Unameza, unabadilisha rangi, unapita. Ukifika mwisho hivyo mashine inakupa cheo chake maalumu, Dot Eater, mla nukta.

Watu wengine wanasema huo ni mzaha wa watengenezaji. Mimi sioni hivyo. Naona ni mstari uleule kutoka kwa yule aliyeacha kufyatua akifika 22, kupitia kwa Safran na jiwe lake moja linaloelea, mpaka hapa, umevutwa mpaka mwisho wake. Aliyezima sauti ya televisheni yetu hakuwa na habari na Treasure wala Yagawa, na sitamsingizia falsafa ya gemu. Alikuwa na dada yake sebuleni. Lakini kama kuna mtu atakuuliza unacheza nini na kwa nini kuna risasi nyingi hivyo, una la kumjibu lililo la kweli.

Kwa mdogo wetu wa Schaerbeek: Ikaruga ipo Steam tangu 2014 na kwenye Switch tangu 2018, bei yake si kubwa, na hailazimu lunapark wala miaka 21. Cheza hatua ya kwanza kawaida mara kadhaa mpaka ujue maadui wanatokea wapi. Halafu ondoa kidole kwenye kitufe cha kufyatua, baki na kile cha rangi tu. Ukifika kwa bosi usiogope kwamba huna cha kumfanya. Ana muda wake, utauona ukihesabiwa kwenye skrini. Ukiisha, anaondoka mwenyewe.